Nyumba Yangu Tuliyoipa Miche

Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Hili wageni hawalielewi hadi leo. Mwanamume huingia, hula, hulala, na akichosha watu sana huambiwa atoke. Nyumba yenyewe, akal, hujengwa na wanawake, hubomolewa na wanawake, na hupakiwa juu ya ngamia na wanawake hao hao. Msichana akiolewa huenda na yake, aliyotayarishiwa na mama yake tangu utotoni.

Yangu ilianza kutayarishwa nilipokuwa na miaka saba hivi. Mama alichimba mizizi mirefu ya migunga, akaikunja ingali mbichi na kuifunga mpaka ikakauka katika umbo la upinde. Alitafuna magome kwa meno yake kutoa nyuzi, akazisokota, akafuma mikeka minene ya kufunikia, mmoja baada ya mwingine, kila alipopata nafasi kati ya kukamua na kuhama. Nilipofika miaka kumi na tisa nilikuwa na nyumba kamili iliyofungwa kwa kamba, na mchumba upande wa Habaswein. Harusi ilikuwa inangoja mvua tu.

Kabla ya mvua ikaja serikali. Ulikuwa wakati wa vita vya shifta, waasi wa huku kwetu, miaka michache baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, bendera ambayo wengi wetu hatukuitaka na wengine hatukujua ipo. Askari walitukusanya sisi watu wa malisho, wakatuleta karibu na mji wa Garissa, wakatuzungushia seng'enge, wakapaita kijiji. Kijiji gani kile! Hakikuwa na soko wala kisima, na lango lilikuwa moja, lenye askari wawili. Ulitaka kutoka, uonyeshe pasi. Wanawake tulitolewa kwa kundi mara mbili kwa wiki kwenda kuokota kuni, bunduki mbele na bunduki nyuma.

Baba alikuwa na ngamia thelathini na mmoja. Wengine walipigwa risasi mbele yetu, kwa sababu eti ngamia huwabebea shifta maji. Waliobaki waliswagwa kuelekea Modogashe, na hatukuambiwa wanapelekwa kwa nani. Baba aliweza kumtaja kila mmoja wao, na mama yake, na bibi yake, na mwaka aliozaliwa na kisima alichonyweshwa mwaka huo. Ndani ya seng'enge hakutaja chochote. Aliketi kutwa karibu na waya, uso kaskazini, na tukimwita kula alikuja, akala, akarudi.

Lakini nataka kusema habari za mdomo wa mama. Sisi tulikuwa watu wa maziwa. Maziwa ndiyo yalikuwa chakula, mboga, matunda na dawa. Yalipokwisha tulibaki na posho, unga wa mahindi ya njano ulioletwa kwa magunia na kunuka dawa ya wadudu. Ndani ya miezi michache fizi za mama zilivimba, zikawa zambarau, zikaanza kutoka damu. Akiuma kitu, damu. Akitema mate asubuhi, damu. Dresa wa zahanati aliyekuja siku za Alhamisi alimtazama mdomoni, akasema ale matunda na mboga mbichi, akamwita anayefuata. Aliyasema kana kwamba tulikuwa nayo sandukuni na tumekataa kuyatoa kwa ubahili.

Basi alipokuja bwana shamba, mimi ndiye niliyemsikiliza kuliko wote. Alikuwa kijana wa milimani, kaptula ya kaki imepigwa pasi, masikio yamebabuka kwa jua. Mimi nilikuwa mkalimani wake. Kiswahili nilikipata dukani kwa amu yangu mjini, nilikoishi miaka miwili nikiwauzia askari na makarani sukari na majani ya chai, na ndani ya seng'enge hakukuwa na msichana mwingine aliyekijua. Alisimama juu ya debe akatangaza kwamba serikali itagawa vipande vya shamba kando ya mto Tana. Atakayepewa kipande atapewa na pasi ya kutoka kila siku, asubuhi mpaka alasiri. Lakini kwanza aonyeshe miche sitini hai aliyoikuza mwenyewe, ya nyanya za kupikia.

"Kwa nini miche kwanza?" nilimuuliza.

"Kwa sababu mara ya mwisho niliwapa mbegu mkazila."

Ni kweli, tulizila. Yalikuwa maharage. Alitaka tuyatazame?

Akatuchorea kwa kijiti mchangani kitu alichokiona alikosomea, katika shamba la mzungu: nyumba ya kioo. Miche hulala ndani kama mtoto mchanga, upepo hauigusi, mbuzi hawaigusi, mavumbi haiyajui. Hapa, alisema, bila nyumba ya namna hiyo jua na mbuzi vitamaliza kila kitu kabla ya jani la tatu. Watu walicheka wakatawanyika. Mama hakucheka. Aliniuliza jambo moja tu: kioo tutakipata wapi?

Kioo kilikuwepo. Nje ya lango kulikuwa na mabaki ya malori yaliyokanyaga mabomu ya ardhini kwenye barabara ya Modogashe, yamekokotwa mpaka pale na kuachwa. Tulipita kando yake kila siku ya kuni. Mama aliona vioo viwili vya mbele vilivyokuwa vizima kiasi, kimoja kikiwa na ufa wa kona hadi kona. Askari wa zamu alituruhusu kuving'oa kwa sababu alidhani tunataka kujitazama. Aliniambia wanawake wote duniani ni wamoja. Nikamwambia ndiyo, afande, na asante, tukarudi na vioo vichwani, mikono imechanika. Tulichukua pia waya na mpira wa mlango. Nilimkuta mama ameokota kiatu kimoja cha mtu, akakitazama, akakirudisha pale pale.

Makopo ya kuoteshea tuliyapata kwa wapishi wa askari, ya maziwa ya unga na ya samli. Magunia ya posho tulikuwa nayo. Kilichokosekana ni mifupa ya nyumba. Kuni tulizopewa ruhusa ya kuokota zilikuwa vijiti vya kuwashia moto, hakuna mti wa kusimama. Jioni moja baada ya swala ya alasiri nikamwona mama amekaa mbele ya mzigo wangu, ule mzigo uliofungwa kwa kamba, anafungua fundo.

"Hoyo, hiyo ni yangu," nikamwambia. Hoyo kwetu ni mama.

"Najua ni ya nani. Nani aliichimba?"

"Chukua ya kwako."

"Ya kwangu tunalala ndani yake." Akaendelea kufungua. "Nyumba yako inamngoja mume. Mdomo wangu haungoji."

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake. Nilisema kwamba mchumba wangu akija nitamkaribisha kwenye kopo la samli. Nilisema heri angeniacha porini. Aliendelea kufungua, anatema damu pembeni, anafungua. Nilipochoka kupiga kelele nikashika upande wangu wa mzizi, kwa maana pinde zile haziwezi kusimamishwa na mtu mmoja.

Hapo likatokea jambo la kuchekesha, kama una tumbo la kucheka. Kwetu wanawake wakiona pinde mpya zinasimamishwa, mikeka mipya imetandazwa juani, wanajua ni harusi, na hakuna anayesubiri kualikwa. Tulikuwa tumefika upinde wa nne niliposikia vigelegele. Wakaja wanawake labda ishirini, kutoka kila pembe ya seng'enge ile, wamefunga shuka zao safi, mmoja amebeba mafuta kidogo ya kunipaka nywele, aliyoyahifadhi Mungu anajua wapi. Wakaimba wimbo wa kumjengea bibi harusi. Walikuwa hawajaimba tangu tuliposwagwa, na sauti zao zilitoka kavu. Wakafika wakaona makopo yamepangwa safu, yana udongo.

Wimbo ukakatika. Bibi mmoja jirani yetu akamuuliza mama, "Bwana harusi yuko wapi?"

Mama akaonyesha makopo kwa kidevu. "Ndio hao. Ni sitini."

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mimi nilisimama na uso umewaka moto. Lakini aliyefika penye nyumba ya harusi haondoki mikono mitupu bila kufunga fundo, na wakafunga. Walisimamisha pinde, wakakaza kamba, wakanyoosha mikeka, na wimbo wakaumalizia, kila walipofika penye sifa za mume wakiitaja nyanya. Ndio waliokuwa harusi yangu, wale wanawake, na sikuwahi kupata nyingine kama hiyo. Siku ile niliwachukia wote.

Vioo tuliviweka juu, kama bwana shamba alivyochora. Mbegu alizotugawia zikaota siku ya sita, vishina vyembamba vya kijani. Siku ya nane, saa saba mchana, mama aliingiza mkono ndani akautoa haraka.

"Hii ni tanuri," akasema.

Tukaangalia. Miche yote ilikuwa imelala chini, imechemka, majani yametota kama mboga iliyotoka chunguni. Nilimfuata bwana shamba nikamwambia. Alikuja akainama, akaingiza kichwa, akatoka anatiririka jasho, akafikiri. Kisha akaniambia polepole, kama mtu anayekiri kosa, kwamba kule alikosomea kuna baridi. Nyumba ya kioo ilikuwa ya kuwapa miche joto. Mtu mzima, msomi, alisafiri kutoka kwenye ukungu mpaka Garissa, ardhi inayochoma nyayo kupitia ndara, akatufundisha jinsi ya kuongeza joto. Nilipomtafsiria mama hakukasirika. Alisema tu kwamba huyu mtoto hajawahi kuishi nyumbani kwake mwenyewe.

Akaanza kuijenga upya kwa akili yake. Vioo alivishusha chini, upande wa mawio, vipate jua la asubuhi lisilo na makali. Juu aliweka mikeka yangu miwili miwili. Upepo wa kaskazi ukija na mavumbi, upande ule anaufunga kwa magunia na kuukunjua wa pili, kama tunavyofanya kwenye akal kila siku ya maisha yetu. Mchana alinyunyizia mikeka maji ya kuoshea tuliyobakiza, na upepo ukipita ndani yake unatoka baridi. Ilibaki kuotesha tena.

Hapo ndipo baba alipotoa neno. Tulikuwa tunanyunyizia miche ya pili, maji ya asubuhi, na yeye alikuwa amesimama nyuma yetu. Hajasema neno la maana kwa wiki nyingi.

"Mnaiharibu," akasema. "Mnyama anayenyweshwa kila siku anakuwa mvivu. Mnyimeni siku nne, halafu mpeni ashibe. Atakuwa na nguvu."

Mimi na mama tulitazamana. Tulifurahi mno kuisikia sauti yake hata hatukufikiri. Tukainyima miche maji siku nne, ya tano tukaimwagia mpaka makopo yakafurika. Aliyebaki hai tukamnyima tena. Baada ya siku kumi na mbili hakukuwa na cha kunyima. Bwana shamba alipoulizia, nikamweleza ushauri ulivyokuwa, na alicheka kicheko cha kushika mbavu. Aliketi juu ya debe anacheka. Baba alikuwa pale karibu na waya, na hakuhitaji mkalimani kuelewa kicheko. Akageuza uso kaskazini.

Miche ya tatu ikapona. Naomba niseme hili bila kuficha: niliipenda. Ndani ya nyumba ile, nyumba yangu, kulikuwa na harufu ya udongo uliolowa na majani ya nyanya, harufu kali ya kijani inayobaki vidoleni, na mahali pengine popote ndani ya seng'enge hakukuwa na kijani hata cha mswaki. Mama alikuwa akimaliza kumwagilia anakaa humo humo, magoti kifuani, mgongo kwenye mkeka, anafumba macho. Nami nilikaa naye. Damu ilikuwa bado inatoka, jino moja la mbele lilikuwa limeshaanza kucheza, lakini tulikuwa na miche sitini na minne, na tuliihesabu kila asubuhi kama watu wazima wenye akili zao.

Bwana shamba alikuja, akaihesabu, akafurahi kwa kweli. Akafungua kitabu. "Mwenye nyumba ni nani?"

"Mama yangu," nikasema.

"Namuuliza mwenye nyumba. Mwanamume."

Nikamweleza yale niliyoanza nayo hapa: kwetu nyumba ni ya mwanamke, na hii aliyosimama ndani yake ni yangu mimi. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema hiyo ni mila, na kitabu ni kitabu. Kipande huandikwa kwa jina la baba wa familia, pasi vilevile, na yeye mwenyewe atamhoji baba huyo kuhakikisha anaijua kazi. Angerudi baada ya wiki moja.

Basi nikamfundisha baba. Kosa, kama ni kosa, ni langu. Kila asubuhi nilikwenda kumkalia pale kwenye waya, nikamtia Kiswahili kichwani: maji mara ngapi, jani likiwa njano maana yake nini, mche unapandwa wa urefu gani, umbali gani. Nilitegemea akatae. Hakukataa. Alishika kila neno mara ya kwanza. Mtu aliyebeba nasaba za ngamia thelathini na mmoja hashindwi na nyanya. Siku ya nne alianza kuniuliza maswali yake. Lango linafunguliwa saa ngapi? Shamba liko upande gani wa mto? Askari wanawafuata wakulima mpaka shambani, au wanabaki langoni? Nikamjibu yote. Nilifurahi. Nilimwambia mama, "Abo amerudi." Abo ni baba.

Siku ya mahojiano alivaa kofia yake safi.

"Mzee, maji unatia mara ngapi?" bwana shamba akamuuliza.

"Asubuhi kobo moja. Jioni kobo moja. Kila siku. Mimi nakwisha acha ile mambo ya siku nne."

Ulimi wetu hauna p, na kopo kwa baba ni kobo. Bwana shamba akatabasamu. "Na jani likiwa la njano?"

"Hiyo mimi natoa. Nagonjwa. Naweza bea ingine ugonjwa."

"Na mche mzuri ni upi?"

"Mizuri ni mufubi, nene, nasimama bila kushikwa. Ile murefu sana ni mubaya, natafuta jua." Akafikiri kidogo, akaongeza jambo ambalo sikumfundisha. "Sasa hii nataka kutoka. Nyumba nakwisha kuwa ndogo. Haiwezi kaa ndani daima."

Bwana shamba alimpa mkono. Akaandika jina, akamshika baba kidole gumba akakigandamiza kwenye wino, kisha kwenye pasi. Mama alikuwa amesimama kando na kopo mkononi, mtu aliyeotesha miche yote sitini na minne, na hakuna aliyemtazama.

Asubuhi iliyofuata baba alitoka na miche ishirini kwenye debe lililokatwa ubavu, na jembe la serikali. Jembe alilipitisha mabegani nyuma ya shingo, mkono mmoja ukining'inia juu yake, kama wanaume wetu wanavyobeba fimbo nyuma ya ngamia. Nilisimama karibu na lango nikimtazama. Nilijivuna, nasema kweli. Aliwaonyesha askari pasi, akawaamkia, akapita.

Alasiri hakurudi. Jua likazama lango likafungwa.

Kesho yake walitutoa mimi na mama, pamoja na bwana shamba na askari wanne, tukafuata njia ya mtoni. Hatukwenda mbali. Debe lilikuwa chini ya kichaka, upande wa kivuli, mahali ambapo kivuli kingebaki mpaka jioni. Miche ilikuwa imesimama. Udongo wake ulikuwa umelowa. Alichukua maji mtoni kwanza, akarudi nayo, akainywesha, ndipo akaondoka. Jembe lilikuwa limelazwa kando, mpini umefutwa matope. Nyayo ziliacha njia zikaelekea kaskazini.

"Aliijali," bwana shamba akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Nilitaka kumpiga. Nilitaka kumpiga baba pia, na kwa kuwa hakuwepo nililiokota debe lile nikalibeba mpaka nyumbani bila kumpa mtu mwingine, na maji yakanichuruzikia mgongoni njia nzima. Mtu anayeweza kufikiria kivuli cha jioni cha mche wa nyanya hawezi kuniambia hakufikiria mdomo wa mke wake. Alifikiria. Akapima. Ngamia wakazidi.

Walimfuata kwa nyayo siku mbili wakapoteza njia kwenye mawe. Baada ya hapo hatukusikia kitu. Miche ilikuwa inarefuka ndani ya makopo, mizizi inatokeza chini, na mama jino lile la mbele lilitoka siku moja anaposema bismillahi, likaanguka mapajani mwake. Nikaenda kwa bwana shamba nikamwomba kipande kile aandikwe mama. Yeye binafsi angekubali, lakini tayari alikuwa taabani kwa sababu yetu. Akatupeleka kwa karani.

Karani alikuwa mtu mnene aliyekuwa amechoka na joto. Hakuwa mbaya. Alifungua kitabu akaweka kidole kwenye jina la baba. Akanieleza kwamba kipande hicho ni cha mtu huyu. Mwanamke mwenye mume hawezi kuandikwa. Mjane anaweza. Ikiwa mzee huyu amekufa, mtu wa nyumba yake aape hapa, mbele yake na mbele ya chifu aliyeketi pale dirishani, na yeye atafuta jina moja aandike jingine, na pasi mama ataipata leo hii.

"Hebu niambie," akasema. "Mzee yuko hai, au amekufa?"

Mama alikuwa kando yangu, amefunika mdomo kwa shuka. Alinitazama akingoja tafsiri. Sikumtafsiria.

"Amekufa," nikasema.

Kiswahili cha mama kilikuwa maneno kumi hivi, yale yaliyotufikia kwa kupigiwa kelele: posho, lango, pasi, simama, kaa chini, haraka. Sikufikiri kwamba hilo nalo limo. Lakini mwaka ule, ndani ya seng'enge ile, hata watoto wanaonyonya walilijua. Alinipiga kofi mdomoni, la nguvu, mbele ya karani na chifu.

"Nani amekufa?"

"Hoyo, ni kwa ajili ya shamba tu. Ni neno la kwenye kitabu."

"Baba yako amekwenda kutafuta ngamia. Kabla hujazaliwa aliwahi kwenda kuwatafuta miezi saba, na alirudi. Mtu aliyekwenda kutafuta ngamia hajafa. Mwambie."

"Meno yako..."

"Mwambie, Hoyo." Kwetu mama naye humwita mwanawe Hoyo, na alilisema kwa upole kabisa, baada ya kofi lile.

Nikamwambia karani kwamba nimekosea, mzee yuko hai. Akanitazama, akamtazama mama, akapandisha mabega, akafunga kitabu. Kipande kilipewa mtu mwingine. Baada ya siku tatu huyo mtu alikuja na barua ya bwana shamba kuchukua miche, na mama akamkabidhi yote, maana ndani ya makopo isingezaa, akamweleza kwa ishara aipande jioni, si asubuhi. Mikeka yangu ilikuwa imeoza kwa maji na pinde zimelegea, tukazipikia. Mchumba wa Habaswein aliyafahamu haya yote kwa wakati wake, akaoa kwingine, na simlaumu. Mimi niliolewa baadaye sana, mjini, nikaingia nyumba ya mabati aliyoijenga mwanamume.

Seng'enge iliondolewa, watu wakatawanyika. Baba hakurudi. Mmoja alisema alimwona Modogashe, mwingine alisema aliona mifupa, na wote wawili walikuwa wanasema ili wapewe chai. Mama hakukaa eda na hakuolewa tena, ingawa aliposwa mara mbili na watu wazuri. Aliishi miaka thelathini na kitu. Siku alipokufa mashekhe waliniuliza marehemu ni mjane au ana mume, nikawajibu ana mume, amekwenda kutafuta ngamia, na hakuna aliyecheka.

Watu husifu uaminifu wake mpaka leo, hunijia na maneno hayo kama zawadi. Mimi nilimlowekea mkate kwenye chai miaka yote hiyo kwa sababu hakuwa na jino hata moja. Ningeapa tena kesho. Ningemwua baba yangu mbele ya karani yeyote kwa kopo moja la nyanya, na kilichobaki ni kwamba mama aliliona hilo usoni mwangu siku ile, na hakunitazama tena vile alivyokuwa akinitazama.